Nani Atavaa E

Mkaguzi kutoka chuoni aliingia darasani akiwa na faili ya buluu, miwani inayoning'inia kwa mnyororo, na uso wa mtu aliyeahidiwa chai akaletewa maji moto. Watoto wa Gredi ya Tatu walisimama wote kwa pamoja. Kaka yangu, mwalimu wao, akawaamkua kwa Kiingereza. Kila siku akifanya hivyo wao humjibu kwa ule wimbo mrefu unaotikisa mabati. Siku hiyo hakuna aliyefungua mdomo. Walisimama tu, midomo imebanwa, wakatazama mezani palipokuwa na kadi zangu.

Mimi nilikuwa nyuma kabisa, kwenye dawati ambalo magoti yangu yalikataa kuingia, na nilijua ni kwa nini wamenyamaza. Nilikuwa nimejua kwa robo saa. Kosa lote lilikuwa langu.

Nilikuwa huko kwa adhabu. Katika shule yetu ya bweni kuna naibu wa mwalimu mkuu ambaye sauti yake naiweza kumliko yeye mwenyewe. Jioni moja nilisimama nyuma ya ukumbi wa kulia, nikakohoa mara mbili kama yeye, nikatangaza kwamba masomo ya jioni yamefutwa na kila msichana aende akalale. Mabweni mawili yalilala. Mimi nikapewa barua, na wiki mbili za kwenda nyumbani kutafakari.

Mama yangu ni karani mjini. Aliisoma ile barua amesimama mlangoni kwetu Waithaka, mkoba ungali begani. Mama akikasirika huhamia Kikamba, na siku hiyo alihamia na virago vyote. Aliporudi kwenye Kiswahili alikuwa ameshahukumu.

"Hutakaa hapa ukitazama simu. Utaenda na kaka yako kazini. Utambebea vitu."

"Mathe, si hata kesho nipumzike kwanza?"

"Pumzika kutoka wapi? Kuiga watu?"

Kaka yangu yuko mwaka wa mwisho chuo cha ualimu, na alikuwa akifanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi upande wa Kangemi. Ni mtu mzuri sana, mpole kama uji wa mgonjwa, lakini ana shida moja: hufundisha akiutazama ubao, utadhani ubao ndio utakaofanya mtihani. Ukaguzi wa kwanza alianguka. Karatasi ilisema darasa halikushiriki. Akianguka na wa pili, angerudia mazoezi mwaka mzima huku wenzake wakivaa majoho. Karatasi ile aliikunja akaitia kwenye Biblia yake, na kila asubuhi kabla ya chai nilimwona akiitoa, akiisoma na kuirudisha. Hakuwa akisoma mstari mwingine wowote.

Somo la ukaguzi wa pili lilikuwa tahajia ya Kiingereza. Kuna maneno yanayoishia na E, kama make na ride. Ukitaka kuyaongezea ING, E lazima itoke kwanza. Ni sheria inayosumbua watu wazima, seuze mtoto wa miaka minane. Kaka yangu alikuwa amepanga kuiandika ubaoni na kuipigia mstari mara mbili.

"Bro," nikamwambia, "hii ukiipigia mstari hata mara saba, hao watalala."

"Wewe ulitumwa kubeba vitu."

"Nabeba na mawazo pia. Sikiza. Watoto wenyewe ndio wawe herufi. Kila mtu anavaa kadi shingoni. Wanne wanashikana mikono: M, A, K, E. Halafu ING anaingia kutoka mlangoni, anamgusa E begani, na E anatoka mstarini anaenda kusimama ukutani. Darasa lote linapiga kelele: Toka, E!"

"Kwa Kiingereza," akasema. "Jumatatu hadi Alhamisi hapa ni Kiingereza tu."

"Sawa, kwa Kiingereza. Hiyo si ndiyo kushiriki?"

Alicheza na kifuniko cha kalamu. Kisha akasema nijaribu. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kuniambia nijaribu kitu bila kuongeza neno "lakini", ndiyo maana nilikifanya kwa moyo wangu wote.

Jumamosi tulishuka mjini, tukapita mitaa ya chini kunakouzwa vitu kwa jumla, tukanunua kalamu nene na bunda la kamba za viatu. Katoni niliziokota sokoni Kangemi, zile za mafuta ya kupikia, nikazikata, nikazitoboa matundu mawili mawili. Zilitokea nzuri, jamani. E niliipaka rangi nyekundu kwa sababu ndiye staa. Kaka yangu alipoziona alinyanyua moja, akaupitisha ule uzi mweusi katikati ya vidole.

"Kwa nini kamba za viatu?"

"Kamba ya sisali hukata shingo."

Alitaka kusema kitu. Nilimwona. Kisha akairudisha kadi juu ya nyingine na kuzipanga vizuri, kona kwa kona, akaandika mchezo wangu kwenye maandalio ya somo na kupeleka nakala kwa mkaguzi.

Jumatano alasiri tulifanya majaribio. Niliingia kwa sauti ya naibu wetu, watoto wakacheka hadi mmoja akaanguka kitini. Wakaniita Ticha Mdogo. Kadi ya E nilimvalisha msichana mmoja mdogo, mwenye sweta ambayo mikono yake ilimfika kwenye kucha, kwa sababu alikuwa amekaa karibu. ING akamgusa begani. Wote wakapiga kelele. Yule msichana akaenda ukutani, akageuka akautazama ukuta, akaweka mikono nyuma.

Hilo la kugeukia ukuta sikumfundisha. Nikadhani anaigiza.

"Ona huyu!" nikasema. "Huyu atafika mbali. Mpigieni makofi."

Wakapiga. Kengele ya kwenda nyumbani ikalia, tukakusanya kadi kwa haraka, na jioni nilipozihesabu E haikuwepo. Sikujali. Nilisema itapatikana kesho darasani, chini ya dawati.

Asubuhi ya Alhamisi kaka yangu hakunywa chai. Alivaa shati jeupe, akalivua, akalivaa tena. Somo la kwanza aliwauliza watoto maswali ya kuwapasha joto na hawakujibu. Alidhani ni woga wa mgeni. Nami nilidhani hivyo. Nikawaigia naibu, nikawaigia mbuzi, nikawaigia hata kaka yangu mwenyewe akipenga kamasi. Walicheka kwa mabega tu. Sauti hazikutoka.

Wakati wa mapumziko gari dogo la kijivu liliingia langoni na mkaguzi akapelekwa ofisini kunywa chai. Nilikuwa nimesimama nje ya darasa, nikiomba ile chai iwe moto sana, nilipohisi mtu anavuta sketi yangu. Ni yule msichana wa sweta ndefu. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akaninong'oneza:

"Ticha Mdogo, nimeshika watatu."

"Umeshika watatu nini?"

"Wameongea Kiswahili. Mmoja pale kwa mfereji, wawili kwa laini ya uji. Nampatia nani?"

Akafungua kifungo cha juu cha sweta. Kadi yangu nyekundu ilikuwa shingoni mwake, imekunjika pembe, kamba ya kiatu imefungwa fundo jipya.

"Ulilala nayo hii?"

"Si lazima urudi nayo asubuhi?" Alinitazama kama mtu anayemfafanulia mjinga. "Na vyoo nilifagia. Jana. Zote, hadi za wavulana."

Hapo ndipo nilipoitazama vizuri ile kamba ya kiatu.

Kama hukusomea hizi shule zetu, hebu nikwambie. Kuna kitu kinaitwa diski. Kwingine ni kipande cha mbao, kwingine ni kifuniko cha mkebe. Kina tundu na kamba, na kamba yenyewe aghalabu ni ya kiatu. Ukisikika ukiongea lugha ya nyumbani, au Sheng, au Kiswahili siku ambayo si yake, unavalishwa. Unatembea nacho hadi umsikie mwingine akikosea, umpe yeye. Atakayekuwa nacho kengele ya jioni ikilia ndiye hufagia vyoo, na asubuhi anarudi nacho kuwinda. Kwa hiyo mwenye diski hunyemelea watu, na wasio nayo hujifunza kunyamaza.

Mimi nilikulia na kitu hicho. Katika shule yangu ya msingi niliivaa mara nyingi hadi walimu waliniita kabati la diski. Kwangu ilikuwa mchezo. Nilikuwa naivaa mgongoni kama begi nikicheza densi. Labda ndiyo maana mikono yangu ilikata katoni, ikatoboa tundu, ikanunua kamba za viatu, na kichwa kisiulize mikono inatengeneza nini. Nilikuwa nimemvalisha mtoto diski, nikaagiza darasa zima limfukuze, kisha nikaomba apigiwe makofi.

Na sasa wote walikuwa wakingoja kuona nyingine zitaangukia nani. Nilikuwa nimetengeneza kadi kumi na mbili.

Nilimwacha na kadi shingoni, nikakimbia, nikamkuta kaka yangu nyuma ya darasa akinywa maji ya chupa kwa mafunda madogo madogo. Nilimwambia kwa haraka, bila mzaha. Hilo peke yake lilimtisha.

"Alifagia vyoo?" akauliza.

"Vyote."

Akafunga chupa. Hapo nikakumbuka kitu ambacho nyumbani hatukizungumzii. Kaka yangu alilelewa na nyanya huko Kitui, akaletwa Nairobi akiwa darasa la tatu na Kikamba tu mdomoni. Diski alikaa nayo muhula mzima, kwa sababu hakujua Kiingereza wala Kiswahili cha kumshtakia mwingine. Mama husema aliondoka kijijini kasuku akawa jiwe.

"Tuzitupe kadi," nikasema. "Fundisha kwa ubao tu."

"Anayo nakala. Mchezo umeandikwa. Nikiuruka, nimeanguka." Mlango wa ofisi ulifunguliwa upande wa pili wa uwanja. Akanishika mkono. "Sikia. Enda ukae nyuma. Usiige mtu. Usifungue mdomo hata kidogo. Niapie."

"Naapa."

"Apa kwa Mathe."

Nikaapa kwa Mathe.

Ndiyo hivyo tukafika pale nilipoanzia: mkaguzi ameketi pembeni, faili wazi juu ya mapaja, na watoto wamesimama kama waliomwagiwa gundi.

Kaka yangu aliwaambia waketi. Wakaketi. Aliandika maneno ubaoni, na nikaona mgongo wake ukianza kututazama ule utazamaji wa zamani. Akauliza kwa Kiingereza ni nani atakayesoma neno la kwanza. Kimya. Mkaguzi akaandika kitu kifupi. Akauliza ni nani anataka kuwa M. Kimya. Aliwachagua mwenyewe, M na A na K, na kila aliyeitwa alikuja akiinamisha shingo mbele kabla hata ya kuvalishwa, mikono imeshatangulia nyuma ya mgongo. Kalamu ya mkaguzi ilikuwa ikienda. Nilikuwa nasikia ncha yake ikikwaruza karatasi kutoka kule nyuma.

Kisha akauliza ni nani atavaa E.

Hakuna hata jicho lililoinuka. Niliona tone la jasho likitoka nyuma ya sikio la kaka yangu na kuingia kwenye ule ukosi mweupe. Akauliza tena, sauti ikakatika katikati. Na hapo yule msichana wa sweta ndefu akasimama. Hakuna aliyemwita. Alisimama kwa sababu E alikuwa nayo yeye. Akaitoa ndani ya sweta, akaanza kutembea kwenda mbele, polepole, uso chini.

Niliapa sitafungua mdomo. Sikuapa kuhusu miguu.

Nilimfikia kabla hajafika mbele. Nikapiga magoti, nikaivua ile kadi shingoni mwake, nikaivaa mimi. Kamba ilikuwa fupi, nusura ining'oe sikio. Nikamwonyesha kwa kidole arudi akaketi, nikaenda nikajipanga baada ya K. K alinifikia kiunoni. Mkaguzi alivaa miwani. Kaka yangu alinitazama kwa macho ambayo, kama yangekuwa na mikono, yangeninyonga.

ING alikuwa mvulana mnene kidogo mwenye pengo mbele. Aliingia kutoka mlangoni jinsi tulivyofanya Jumatano, akanifikia, akatafuta bega langu, akaliona liko mbali, akanigusa tumboni.

Sikutoka.

Akanigusa tena. Nikamshika K mkono kwa nguvu, nikatikisa kichwa. Akanisukuma. Nikabaki kama mlingoti. Nikasikia pumzi ya kicheko mahali fulani dawati la tatu, ikazimwa. ING akarudi nyuma hatua mbili, akaja mbio, akanigonga kwa bega. Nikayumba, nikarudi palepale. Akaiva kwa hasira, pengo wazi, akasahau kila kitu.

"Wee! Si utoke! Hii si yako!"

Kwa Kiswahili. Siku ya Alhamisi. Mbele ya mgeni.

Alijifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Darasa likageuka barafu. Macho yote yalihama kutoka kwake yakaja shingoni mwangu, kwenye ile katoni nyekundu, na nikaelewa kwamba wananingoja nifanye kile mwenye diski hufanya: niivue nimvalishe yeye. Mvulana mwenyewe alikuwa ameshainamisha kichwa. Machozi yalikuwa njiani. Ile kalamu ya mkaguzi ilikuwa imesimama hewani.

Nilimtazama kaka yangu. Sikuwa na mzaha hata mmoja uliobaki, na hata kama ningekuwa nao, niliapa.

Kaka yangu aliweka chaki chini. Aligeuka, akaupa ubao mgongo, akawatazama watoto wale kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kisha akasema, kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo sikujua anayo:

"Amesema kweli. Hiyo nafasi si yake. ING amefika. Nani atamsaidia kumtoa huyu mkaidi?"

Hakuna aliyesogea. Watoto walimtazama yeye, wakamtazama mkaguzi, wakangoja kuona mwalimu atavalishwa nini. Hakuvalishwa kitu.

"Mimi!" Ni yule msichana wa sweta.

"Na mimi!"

"Toka, E! Toka!"

Walikuja wengi. Walinivuta sketi, walinisukuma mgongo, mmoja alinifinya, na huyo namjua. ING alinipitisha mlangoni kama anayetoa kabati nyumbani, na kaka yangu, ndugu yangu wa damu, akaufunga mlango nyuma yangu kwa komeo.

Nikabaki nje, kwenye jua, na E shingoni. Ndani nilisikia kishindo cha viti, kisha sauti yake ikiuliza, kwa Kiingereza sasa, ni neno gani limebaki. Kukawa na kimya. Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko mahubiri. Niliegemeza sikio kwenye mabati yaliyowaka moto na sikulitoa. Kisha sauti moja nyembamba ikasema neno, halafu tatu, halafu wote: making. Kisha riding. Kisha writing. Halafu nikasikia wakibishana ni nani atakuwa E zamu ijayo, na walibishana kwa lugha tatu kwa pamoja.

Mkaguzi alitoka wa kwanza. Alisimama mbele yangu akaivua miwani.

"Wewe uko darasa gani?"

Nikaonyesha vidole vitatu, kisha nikaona nitakuwa nimedanganya, nikafungua mdomo. "Kidato cha tatu, madam. Niko nyumbani kidogo."

"Watoto waliogopa hiyo kadi. Kwa nini?"

Hapo ningeweza kumtania. Nilikuwa na majibu manne tayari. "Nilitengeneza diski bila kujua," nikasema. "Si kaka yangu. Ni mimi."

Aliishika ile kadi, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye kamba ya kiatu. "Yetu ilikuwa mfupa wa ng'ombe," akasema. "Ulikuwa unanuka." Akaiachilia ikanigonga kifuani, akaelekea kwenye gari lake.

Kaka yangu alitoka na karatasi mkononi. Hakunipa. Niliisoma juu ya bega lake. Alikuwa amepita, si kwa mbali, lakini amepita. Palipoandikwa ushiriki wa darasa palikuwa na alama nzuri. Palipoandikwa mapendekezo palikuwa na mstari mmoja: msaidizi aondolewe darasani.

"Umesoma?" akauliza.

"Nimesoma."

"Vizuri." Aliikunja. "Kuapa kwa Mathe unajua, lakini. Mdomo hukufungua."

Nilikaa nje siku nzima kama ilivyopendekezwa. Kengele ya kwenda nyumbani ilipolia nilikuwa nimeshakusanya katoni zote kwenye mfuko na nimesahau kwamba nyekundu bado naivaa. Nilipogeuka, yule msichana alikuwa amesimama nyuma yangu na ufagio mrefu kumliko.

"Kengele imelia," akasema. "Na ni wewe uko nayo."

"Lakini hii si diski. Nilishawaambia nyote saa ya chakula."

"Jana hukuniambia."

Nikachukua ufagio. Alinitangulia kwenda nyuma ya madarasa, akasimama mlangoni pa vyoo, mikono ya sweta imening'inia, akanitazama nikifagia cha kwanza hadi cha mwisho. Kila nilipoinua mgongo alikuwa akinyoosha kidole.

"Pale kwa kona bado."